Usingizi Haununuliwi Dukani

Yako maradhi ambayo mgonjwa huyatangaza, akaenda zahanati mchana kweupe, jina lake likaandikwa katika kitabu cha mganga. Yako na mengine ambayo humjia mtu usiku wa manane, yakamwacha alfajiri bila ya jeraha wala homa, naye kwa haya au kwa hofu akayafunika kimya. Miongoni mwa haya ya pili ni kukosa usingizi, na mwenzake wa kutisha, jinamizi. Leo twataka kuyazungumza hadharani, maana mficha maradhi kifo humwumbua, na kimya hiki kimekwisha kuwatia watu katika hasara mbili: kumshuku jirani asiye na hatia, na kuwa watumwa wa kidonge.

Twayaandika haya tukiwafikiria kwanza ndugu zetu wa Ruanda, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Si kwamba wao ni wagonjwa kuliko wengine, la hasha. Ila hali ya nchi yao inaonyesha vizuri jambo tunalotaka kulisema. Mbozi ni nchi ya kahawa, na mkulima wake hulala na hesabu ya mbolea, ya ada za shule na ya bei isiyo mikononi mwake. Wilayani humo hupita njia kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Mbele yake iko Tunduma, mji wa mpakani, ambako malori hungoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, na madereva hulala ndani ya magari yao, jicho moja kwenye mzigo. Mama lishe huamka kabla ya jogoo. Mlinzi hulala jua likiwaka. Mahali pa namna hiyo usingizi ni bidhaa adimu kuliko sukari.

Sasa na tueleze jinamizi ni nini. Mtu amelala chali, amechoka. Ghafla macho yanafunguka. Anakiona chumba chake, anaiona paa, pengine anasikia hata pumzi za mtoto aliyelala kando. Lakini mkono haunyanyuki, ulimi hausemi, na kifuani pamekaliwa na kitu kizito. Mlangoni pana kivuli, kinasogea, kinamkaba. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Baada ya kitambo, ambacho kwake ni kama usiku mzima, mwili unafunguka, naye anaketi kitandani akitokwa na jasho. Wazee wetu walilipa jambo hili jina lake zamani sana kabla ya hospitali kujengwa, nao hawakuwa waongo. Walilolieleza hutokea kweli. Kinachotakiwa ni kulijua asili yake.

Mwaka 1953, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba usingizi si kitu kimoja. Iko sehemu ambayo macho ya aliyelala huenda mbio chini ya kope, nayo ndiyo yenye ndoto nyingi zilizo wazi. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba katika sehemu hiyo ubongo huilegeza misuli ya mwili karibu yote, isipokuwa ya macho na ile inayotuwezesha kuvuta pumzi. Hii ni hekima ya maumbile. Bila ya hivyo, aotaye anakimbia simba angeruka kitandani na kuuvunja mguu. Jinamizi hutokea pale akili inapoamka kabla ya mwili kufunguliwa. Macho yamekwisha kuona chumba, lakini ndoto haijaondoka, na misuli ingali imefungwa. Uzito wa kifuani hutokana na mtu kutaka kuvuta pumzi kubwa kwa misuli isiyomtii. Kivuli cha mlangoni ni ndoto iliyochanganyika na chumba.

Jambo hili hutokea duniani kote. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 8 katika kila 100 hupatwa nalo angalau mara moja maishani. Huwajia zaidi wasiolala vya kutosha, wanaofanya kazi kwa zamu, wenye mashaka mengi moyoni, na wanaolala chali. Wengi hawapati madhara yoyote ya mwili.

Pengine msomaji atasema hizo ni habari za Wazungu. Basi na tutazame nyumbani. Mwaka 1995, kisiwani Pemba, zilienea habari za kiumbe kilichoitwa Popobawa, kilichosemekana kuwavamia watu usiku vitandani. Hofu ikavuka bahari ikafika Unguja, na baadaye Dar es Salaam. Watu wazima waliziacha nyumba zao wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto, wakikesheana. Wataalamu walioichunguza habari ile waliona kwamba maelezo mengi ya waliovamiwa, yaani kuamka, kushindwa kusogea, kuelemewa na kukosa sauti, yanafanana mno na jinamizi tulilolieleza. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, nyoyo zilikuwa juu, na hofu ya mmoja ikawa hofu ya mtaa. Mwisho wake ulikuwa msiba: mjini Zanzibar umati wa watu ulimwua mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili, kwa kudhaniwa kuwa yeye ndiye Popobawa. Kiumbe chenyewe hakikukamatwa kamwe; aliyekufa ni binadamu.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Kijijini, mtu anayekabwa usiku huulizwa asubuhi, "Ulimwona nani?" Naye, kwa kuwa ndoto hukiazima kivuli sura ya mtu amjuaye, hutaja jina. Mara nyingi jina hilo huwa la bibi kizee anayeishi peke yake, au la jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kuanzia hapo yule bibi hana amani tena. Sheria ya Uchawi imekuwapo nchini tangu mwaka 1928, nayo hukataza kumtuhumu mtu uchawi. Lakini sheria haikai kitandani mwa mtu. Twasema waziwazi kwamba sura iliyoonwa katika jinamizi si ushahidi, kama vile aliyeota amepewa ng'ombe hana haki ya kwenda kumdai.

Hasara ya pili ni ya vidonge. Aliyekabwa mara mbili au tatu huanza kuogopa kulala. Usiku hugeuka adui. Hujigeuza kitandani, huhesabu saa, hapati hata lepe la usingizi. Ndipo rafiki humshauri. Mmoja atamwambia ameze piritoni, kwa kuwa dawa hiyo ya mafua na mizio huleta usingizi. Mwingine atamtajia diazepamu. Wa tatu atamkaribisha bilauri ya pombe kali. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba mwezi wa Machi 2017, lakini kiu ya kulazwa na kileo haikupigwa marufuku ikaisha.

Historia ya dawa za usingizi yatosha kumfanya mtu atafakari. Mwaka 1903 wataalamu wa Kijerumani walitangaza dawa ya Veronal, ya jamii ya babitureti. Ilipokewa kwa shangwe. Baadaye ikajulikana kwamba tofauti ya kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua ni ndogo. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ikaanza kuuza thalidomaidi kwa jina la Contergan, dawa ya kutuliza na kulaza iliyosifiwa kuwa haina hatari. Wajawazito waliimeza. Hata ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka 1961, watoto wanaokadiriwa kufikia 10,000 katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa, au walikuja kuzaliwa, na viungo vyenye kasoro. Mwaka 1963 ikaja diazepamu, kwa jina la Valium. Hii ni dawa ya maana sana hospitalini, hasa kwa kutuliza degedege, na ni salama kuliko babitureti. Lakini nayo, ikitumiwa kila siku kwa majuma mengi, humzoesha mtu. Ndiyo maana imewekwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili.

Msomaji na azingatie hapa, maana ndipo penye mtego. Pombe, babitureti na dawa za jamii ya diazepamu huweza kuupunguza ule usingizi wa ndoto. Usiku wa kwanza mtu hufurahi: hakuota, hakukabwa. Mwili ukiizoea dawa, kipimo cha jana hakitoshi leo. Siku atakapoacha ghafla, usingizi hukimbia kuliko mwanzo, na ndoto zilizozuiwa hurudi kwa pamoja, nzito na za kutisha. Yeye hudhani ugonjwa umerejea, kumbe ni dawa inayodai deni lake. Basi humeza tena. Pombe nayo hufanya hivyo katika usiku mmoja tu: humlaza mtu upesi, kisha ikiisha nguvu usiku wa manane humwamsha, moyo ukienda mbio. Na atakayechanganya pombe na vidonge hivyo huenda pumzi zake zikasita asiamke kabisa.

Yako na madhara yasiyobaki kitandani. Dawa iliyomezwa usiku huweza kuwa bado imo mwilini asubuhi. Mzee huamka akayumba, akaanguka, akavunjika nyonga. Dereva hushika usukani na kichwa kizito. Waijuao njia ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma wanaujua Mlima Senjele, na wanajua idadi ya misiba iliyotokea pale. Hatusemi kwamba misiba ile ilisababishwa na vidonge. Twasema kwamba mlima wa namna ile hautaki dereva aliye nusu macho, ama kwa kukesha, ama kwa dawa.

Tuongeze neno kwa watu wanaotumia dawa nyingine za hospitali. Baadhi ya dawa huleta ndoto za kutisha au hukimbiza usingizi. Efavirenzi, iliyokuwa ikitolewa kwa wengi wenye virusi vya UKIMWI kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake, ilijulikana kwa ndoto zake kali. Hata dolutegraviri huwakosesha baadhi ya watu usingizi, nao huweza kushauriwa kuimeza asubuhi. Kadhalika meflokwini, dawa ya malaria. Mwenye kupatwa na hayo asiache dawa yake kwa siri. Aende kwa mganga aliyempa aseme, maana kuacha dawa ya kulinda uhai kwa kuogopa ndoto ni kuubomoa ukuta kwa ajili ya mjusi.

Je, mtu afanye nini? Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, nchi yenye vidonge vya kila rangi, kilishauri kwamba tiba ya kwanza ya mtu mzima aliyekosa usingizi kwa muda mrefu isiwe kidonge, bali mafunzo ya kurekebisha fikira na mazoea ya kulala. Mengi ya mazoea hayo hayagharimu senti. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Usipande kitandani mpaka usingizi uje. Ukikaa macho kwa muda mrefu, ondoka kitandani, keti mahali penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija. Usilale sana mchana kufidia usiku. Kahawa, fahari ya Mbozi, inywewe asubuhi: baada ya saa 5 au 6 nusu ya nguvu yake ingali imo mwilini mwa wengi. Simu izimwe mapema. Na mwenye kukabwa na jinamizi alale ubavu, apate usingizi wa kutosha, na likimjia ajaribu kusogeza kidole kimoja huku akikumbuka kwamba litapita. Mara nyingi kulijua tu hupunguza nusu ya hofu.

Lakini wako wanaohitaji daktari bila kukawia: anayekoroma na kusita pumzi usingizini, anayesinzia mchana katikati ya mazungumzo, aliyepoteza hamu ya kuishi, na ambaye ndoto zake humrudisha kila usiku kwenye ajali au ukatili uliompata. Kadhalika aliyekwisha kuzoea vidonge kwa miezi asiache kwa siku moja, kwani kuacha ghafla huweza kuleta kifafa. Apunguziwe kidogo kidogo chini ya macho ya mganga. Kwa watu wa Ruanda njia ni ile ile ya maradhi yote: zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Wenye maduka ya dawa nao tunawakumbusha kwamba dawa za namna hii si peremende. Anayeziuza bila ya cheti cha daktari huvunja sheria, na kwa faida ndogo humfunga mwenzake mnyororo asiouona. Viongozi wa vijiji, mashehe na wachungaji, ambao ndio wa kwanza kuambiwa habari za usiku, wana wajibu mkubwa. Mtu akiwajia asubuhi akitetemeka, wamwombee kama imani yao inavyowaagiza, kisha wamwelekeze kwa mganga, wala wasimruhusu kutaja jina la mtu.

Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilitangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo hili maadui wote watatu hushirikiana: umaskini hukesha na mkulima, maradhi humkaba, na ujinga humwonyesha mlango wa jirani au wa duka. Tukiondoa ujinga, huyo mkulima atajua la kufanya usiku wa leo, na yule bibi kizee aishiye peke yake naye atalala salama.