Ukimkuta mtoto ananusa gundi ya pancha, usimkimbize

Kuanzia Mbagala na Tandika hadi Manzese na Tegeta, si rahisi kukosa fundi pancha karibu na kituo cha bodaboda. Ana beseni la maji la kutafutia tundu, pampu, msasa na gundi ambayo wengi huiita solusheni. Watoto humzunguka, wengine wakimpelekea baiskeli zao.

Gundi hiyo ni mpira uliochanganywa na kemikali zinazokauka haraka, zikiwamo toluini au heksani. Ndiyo maana fundi akishaipaka kwenye tyubu husubiri kidogo kabla ya kubandika kiraka. Kemikali hizo hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio baadhi ya watoto huuvuta kutoka kwenye chupa au mfuko wa plastiki ili walewe.

Inavyodhuru

Mvuke hupita kwenye mapafu na kufika kwenye ubongo haraka sana. Mtoto huchangamka, kisha hupepesuka na kuongea kama mlevi. Akizoea, toluini inaweza kuharibu ubongo na figo, na heksani hudhuru mishipa ya fahamu hadi mikono na miguu kufa ganzi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye moyo. Mapigo yanaweza kuvurugika ghafla na mtoto akafariki papo hapo, hata kama ni mara yake ya kwanza kunusa. Hofu na mbio huongeza hatari hiyo. Kwa hiyo mzazi, ukimkuta, usimpigie kelele, usimchape na usimkimbize.

Ufanye nini?

Ongea naye kwa upole, chukua gundi, mtoe nje apate hewa na umkalishe atulie. Usiwashe moto karibu, kwani mvuke huo hulipuka kwa urahisi. Akipoteza fahamu lakini anapumua, mlaze kwa ubavu na umuwahishe hospitali. Kama ameinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali haraka.

Mazungumzo yafuate akishatulia, siku hiyo au kesho yake. Muulize alianza lini, na nani, na kwa nini. Kwa ushauri, piga bure 116, simu ya huduma kwa mtoto, au 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Dalili za kuangalia

Harufu ya kemikali kwenye pumzi au nguo, vipele kuzunguka mdomo na pua, macho mekundu, madoa ya gundi mikononi, kukosa hamu ya kula na kushuka ghafla darasani.

Usimtume mtoto dukani kununua gundi. Na fundi wa mtaani kwako mwombe afunge kopo kila anapomaliza kazi, asiliache wazi wala kumpa mtoto alishike. Naye pia ni mzazi, atakuelewa.