Mwenda Pole: Treni Ndogo za Dizeli na Wanaozitegemea

Sisi tunaoishi pembezoni mwa Edgware Road tuna jirani mkubwa ambaye mara nyingi tunampita bila kumsalimu. Ukishika Praed Street kwa miguu, baada ya dakika chache unafika stesheni ya Paddington, ambayo jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1854 kwa usanifu wa mhandisi Isambard Kingdom Brunel. Wengi wetu huijua kwa safari za Heathrow, tunapowapokea wageni au kuwasindikiza wazee wanaorejea nyumbani. Mwezi huu tunawaomba mzitazame treni nyingine za hapo, zile ziendazo magharibi hadi jimbo la Cornwall.

Ukishuka Liskeard, safari isiyofika saa nne, utakuta treni ndogo ya dizeli ikiwasubiri abiria wa Looe, mji wa wavuvi ulio pwani. Njia yake ni kilomita 14 tu. Treni ya namna hii haina kichwa cha kuvuta mabehewa. Injini imewekwa chini ya sakafu ya behewa lenyewe, na dereva ana chumba chake kila upande. Ikifika mwisho wa reli haihitaji kugeuzwa: dereva huhamia upande wa pili, na safari ya kurudi huanza. Kwa hiyo gharama zake ni ndogo, nayo hufaa mahali penye watu wachache.

Hata hivyo, treni hiyo nusura ipotee. Mwaka 1963 Dakta Richard Beeching alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,300 na takriban maili 5,000 za reli nchini Uingereza, kwa hoja kwamba mapato yake hayalingani na gharama. Njia ya Looe ilikuwamo katika orodha. Mwaka 1966, zikiwa zimebaki wiki mbili tu ifungwe, Waziri wa Uchukuzi Barbara Castle aliiokoa. Si kwamba ilikuwa imeanza kuleta faida. Barabara za bonde lile ni nyembamba na zenye miinuko mikali, na ilionekana kwamba mabasi na magari yasingeweza kuchukua nafasi ya treni. Waliotazama daftari la hesabu waliuliza, "Inaingiza kiasi gani?" Waliolitazama bonde waliuliza, "Watu hawa watapita wapi?"

Maswali hayo mawili hushindana kila penye reli ya vijijini, na Japani ni mfano ulio wazi. Nchi hiyo inasifika kwa treni zake za kasi, lakini katika mabonde na visiwa vyake zipo treni za dizeli zenye behewa moja na mfanyakazi mmoja tu, yaani dereva. Abiria hupanda kwa mlango wa nyuma, huchukua kikaratasi chenye namba ya kituo alichopandia, na akishuka hulipa mbele, kwenye sanduku lililo karibu na dereva. Ni kama daladala isiyo na kondakta. Katika kisiwa cha Hokkaido, kituo cha Kyu-Shirataki kilifungwa tarehe 26 Machi 2016, mwezi ule ule ambao mwanafunzi aliyekitumia kwenda sekondari alihitimu masomo yake.

Nasi kwetu tumeyaona hayo. Reli ya kaskazini mwa Tanzania ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila treni ya abiria. Nyasi ziliota kati ya mataruma, na watoto wakakua wakidhani kwamba stesheni ni magofu tu. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Hiyo huvutwa na kichwa cha dizeli na mabehewa yake ni mengi, lakini kazi yake ni ile ile. Ilirejea Moshi katika mwezi ambao ndugu zetu Wachaga hurudi kwao, "kuhesabiwa" kama watani wao wasemavyo, wakati tiketi za basi huwa adimu na mizigo ni mingi. Kwa mama mwenye watoto wanne na magunia mawili, treni si kumbukumbu ya zamani. Ndiyo inayoamua kama mwaka huu atamwona mama yake au hatamwona.

Kenya nayo, mwaka 2020, ilipokea treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, zihudumie vitongoji vya Nairobi. Ziliweza kutembea huko kwa sababu reli ya Mallorca, sawa na reli ya zamani ya Kenya, ina upana wa mita moja. Kilichoachwa na wengine kimewafaa wengine.

Sisi tulio mbali twajua thamani ya njia ya kurudia. Kijiji kisichofikika kwa urahisi husahauliwa kwanza na watoto wake walio ughaibuni, kisha na wajukuu wasiowahi kukiona. Kwa hiyo tunawaombeni mambo mawili. Wakati wa likizo, wapelekeni watoto Looe wakaone treni ndogo iliyonusurika. Na siku mtakapowapeleka nyumbani, pale penye treni, pandeni treni. Itachelewa, na vumbi litaingia madirishani. Lakini wataiona nchi yao polepole, kituo kwa kituo, na kila tiketi mtakayokata itakuwa jibu kwa wale wanaotazama daftari peke yake. Mwenda pole hajikwai.