Motokaa Inayovutwa na Magurudumu ya Mbele

Mvua ya masika ikinyesha, huonekana motokaa ndogo imekwama mlimani, magurudumu ya mbele yanazunguka bure, na maziwa yanaharibika ndani ya mikebe. Dereva huzidi kukanyaga mafuta. Kufanya hivyo ni kuchimba shimo.

Toyota Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Uzito wa injini iliyo juu yake ndio unaoyafanya yashike barabara. Lakini ukipakia magunia yote nyuma kabisa, kisha ukapanda mlima, uzito hurudi nyuma na mbele huwa pepesi. Hapo gurudumu huteleza, likashika, likateleza tena, na gari zima hutetemeka. Mtetemo huo huumiza shafti za magurudumu na mipira inayoshikilia injini. Wako wasemao kwamba magari haya ni dhaifu; mara nyingi ubaya ni wa upakiaji.

Basi, mkulima, weka mizigo mizito karibu na viti vya mbele, ondoka kwa gia ya pili, na ukanyage mafuta polepole. Ukikwama, ondoa matope mbele ya magurudumu, utie changarawe.

Magari mengi ya kisasa yana chombo cha kuzuia mtelezo: gurudumu likizunguka upesi kupita kiasi, chombo hulifunga breki au hupunguza nguvu za injini. Ni kitu chema. Lakini katika matope mazito nguvu zaweza kupungua hata gari lishindwe kutoka. Kama kuna swichi yake, kizime kwa muda. Ukifika penye lami, kiwashe tena.