Okidi za Kitulo Zibaki Kitulo: Namna Sahihi ya Kutunza Okidi Nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Mvua zinapoanza mwezi Novemba, uwanda wa juu wa Kitulo, ulio kati ya Mikoa ya Mbeya na Njombe, huvaa maua ya kila rangi hadi Aprili. Wakazi wa eneo hilo huuita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa rasmi mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba 412.9 na aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini.

Uzuri huo huwavuta baadhi ya watu kutamani kung'oa shina moja na kulipanda nyumbani Mbeya au Iringa. Shina hilo kwa kawaida hufa, na pengo lake porini huchukua miaka kuzibika. Mwananchi anayependa okidi anayo njia nyingine, iliyo halali na yenye matokeo bora.

Kwa nini okidi ya porini hufa nyumbani

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Ili iote, hutegemea kuvu maalumu waliomo kwenye udongo wa mahali pale. Mmea ukihamishwa, uhusiano huo huvurugika. Aidha, okidi nyingi za Kitulo hukauka majani wakati wa kiangazi, huku kiazi kikipumzika chini ya ardhi. Asiyejua huona mmea una kiu, akaumwagilia, na kiazi kikaoza.

Hatari kubwa zaidi ni uchimbaji wa viazi hivyo kwa ajili ya biashara. Katika nchi jirani ya Zambia, viazi vya okidi husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Okidi zilipopungua huko, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa mamilioni ya viazi huvunwa kila mwaka katika nyanda hizo. Kwa kuwa mmea huandaa kiazi cha msimu ujao kando ya kile cha msimu huu, anayekichimba huondoa mmea wa leo na wa kesho kwa pamoja.

Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuchukua mimea ndani ya hifadhi bila kibali. Vilevile, okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, ambao Tanzania ni mwanachama wake.

Okidi ya kufuga

Okidi zinazofaa nyumbani ni zile zilizozalishwa kwenye vitalu na maabara. Kwa wakazi wa Mbeya na Iringa, aina ya Cymbidium inafaa zaidi, kwa kuwa huhitaji usiku wa baridi ili itoe maua. Aina ya Phalaenopsis, yenye maua mapana kama mbawa za kipepeo, hupenda joto. Usiku wa Juni na Julai, ambapo joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, iwekwe ndani, mbali na kioo cha dirisha.

Kosa la kwanza la wengi ni kupanda aina kama Phalaenopsis kwenye udongo. Kwa asili mizizi yake hushika magome ya miti na huhitaji hewa. Tumia chungu chenye matundu mengi, ujaze vipande vya mkaa na magome ya misonobari. Magome hayo hupatikana kwenye maeneo ya uvunaji wa mbao, yakiwemo ya Mufindi mkoani Iringa. Yaloweke kwanza na kumwaga maji yake ili kupunguza utomvu.

Kosa la pili ni maji kupita kiasi. Tazama mizizi: ikiwa na rangi ya kijivu cha fedha, mmea unahitaji maji, ikiwa ya kijani, subiri. Mwagilia asubuhi, maji yapite chini yote, wala chungu kisikae ndani ya sahani yenye maji. Wakati wa upepo mkavu wa Septemba na Oktoba, kagua mara nyingi zaidi.

Weka mmea karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Majani ya kijani kilichokolea sana ni dalili ya mwanga hafifu, na yenye madoa makavu ni dalili ya kuunguzwa na jua. Mbolea ya maji itolewe kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, mmea unapokua. Badilisha magome kila baada ya miaka miwili, maua yakishanyauka.

Kabla ya kununua

Muulize muuzaji mmea umetoka wapi. Uliokuzwa kitaluni huwa na mizizi iliyojishika ndani ya chungu. Uliong'olewa porini mara nyingi huwa na mizizi iliyokatika na majani yaliyoliwa na wadudu. Anayeagiza mimea kutoka nje ya nchi anatakiwa kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Mwananchi anayeona viazi vya okidi vikichimbwa ndani ya hifadhi atoe taarifa kwa askari wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA) au kwa serikali ya kijiji. Okidi ya kitaluni ikitunzwa vizuri inaweza kuchanua miaka mingi sebuleni, nayo ya Kitulo ikachanua pale ilipoota, kila mwenye kufika akaiona.