Tupige foto ya samaki angali hai



Mwaka uliopita, wakati wa mvua kubwa, mtoto mmoja wa darasa la tano alituletea chupa ya maji. Ndani mlikuwa samaki watatu, wadogo kama kidole chake. Aliwakuta katika kidimbwi cha mvua kando ya njia ya malori. Mmoja alikuwa na mkia mwekundu na mapezi ya buluu yanayong'aa. Tuliwatia ndani ya sanduku la kioo la darasa, tukapiga foto kwa simu. Zote zilikuwa mbaya: mwanga wa flashi katikati, sura zetu juu ya kioo, na samaki kama doa la ukungu. Tukasema, tutapiga zingine kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Siku ya nne wote walikufa, na rangi zao zikapotea. Mwaka huu tulirudi pale pamoja na watoto, tukakuta kidimbwi kimefukiwa udongo.

Kwa nini tunasikitika kwa samaki watatu tu? Katika Katanga kuna jamii ya samaki wadogo ambao wataalamu wanaiita Nothobranchius. Wanaishi katika maji ya mvua. Kiangazi kikikausha maji, wakubwa wote wanakufa. Mayai yanabaki ndani ya matope, na mvua ikirudi yanaanguliwa. Aina moja, Nothobranchius brieni, ya upande wa Bukama, chini ya mto wetu wa Lualaba, ilipewa jina hilo mwaka 1938 na Max Poll, mtaalamu wa samaki kutoka Ubelgiji. Watu wa Ulaya na Marekani wanafuga samaki wa jamii hii nyumbani kwa uzuri wa madume. Rangi za madume zinasaidia sana kutofautisha aina, lakini samaki akihifadhiwa ndani ya alkoli, rangi zinafifia. Ndiyo sababu foto ya samaki hai ina faida kubwa.

Hatusemi kwamba wale watatu walikuwa wa jamii hiyo. Foto nzuri ingalitusaidia kujua.

Sasa tumejifunza, na tunawapa njia yetu.

Kwanza, maji. Tumieni maji ya pale pale samaki alipotoka. Kama ni ya bomba, yakae siku nzima ndani ya ndoo wazi, dawa yake ipungue.

Pili, usafi. Pangusa kioo ndani na inje kwa kitambaa safi kisicho na sabuni, maana sabuni inaua samaki. Pangusa pia jicho la kamera. Mara nyingi lina mafuta ya vidole vyetu vya jikoni.

Tatu, nafasi. Ndani ya sanduku simamisha kioo cha pili, samaki abaki na nafasi ya vidole vitatu hivi, akiweza kugeuka. Hapo hakimbilii nyuma. Asikae humo zaidi ya dakika chache.

Ine, mwanga. Zima flashi. Funga mapazia, weka taa juu ya sanduku. Mpiga foto ajifunike kikwembe cheusi, ndipo sura yake haitaonekana kwenye kioo. Umeme ukikatika, peleka sanduku karibu na mlango asubuhi, lakini si kwenye jua kali, kwa kuwa maji kidogo yanapata moto upesi.

Tano, simu. Inama mpaka ulingane na jicho la samaki. Shika simu wima, karibu kabisa na kioo, bila kuiinamisha. Usivute foto kwa vidole, sogea wewe. Gusa jicho la samaki kwenye simu, ngoja atulie ubavu, kisha piga foto kumi mfululizo. Moja itakuwa safi, zingine futa.

Mwisho, andika katika daftari mahali, tarehe, urefu wa samaki, na jina ambalo wazee wavuvi wanamwita. Foto isiyo na mahali wala tarehe haisaidii sana. Kisha mrudishe samaki siku ile ile katika maji alimotoka, kamwe si katika maji mengine.

Wamama, neno moja la ulinzi: mkubwa ndiye achote maji. Na maji yanayotoka upande wa machimbo ya madini, watoto wasiyaguse, hata kama wameona samaki ndani yake.

Mvua za mwezi wa kumi zinakaribia. Watoto wetu wanajua vidimbwi vyote vya mtaa kutushinda sisi. Mtoto akija mbio na chupa mkononi, tusimfukuze eti anachafua nyumba. Tuache sufuria kidogo, tuzime flashi, tupige foto siku ile ile. Siku ya Posho mlete simu na daftari kwenye mkutano, tuangalie pamoja.