Kuwinda peke yako: hatari si simba tu

Mtu wa Kigamboni akipanga kwenda kuwinda upande wa Rufiji, hufikiria bunduki, risasi na nauli. Afya yake huikumbuka akishaugua.

Jambo la kwanza ni kibali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huwezi kuwinda bila leseni. Uliza pia eneo lenyewe, wala usitegemee habari za zamani. Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na humo hakuna ruhusa ya kuwinda. Mwindaji asiye na kibali akiumia hujificha, na kuchelewa tiba ndiko kunakoua.

Pili, nyoka. Aliyeumwa hutakiwa atulie, asitikise kiungo kilichoumwa, na afikishwe haraka hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza. Sasa jiulize: ukiwa peke yako, nani atakubeba? Ukitembea mwenyewe, sumu husambaa upesi. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya kusafiri usiku peke yako, na porini hekima yake huonekana wazi. Tafuta mwenzio. Ukimkosa, waachie watu wa nyumbani maandishi: unakwenda wapi, kwa njia gani, utarudi siku gani, na wamwarifu nani usiporudi.

Tatu, mbung'o. Huyu huuma mchana na huambukiza malale. Vaa mikono mirefu na suruali nzito. Epuka nguo nyeusi na za buluu, kwani rangi hizo humvuta. Malale ya kwetu huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, mara nyingi kati ya wiki moja na tatu baada ya kuumwa, na bila tiba huweza kuua ndani ya miezi michache. Wengi huidhania malaria, wakanunua dawa dukani. Ukipata homa baada ya kurudi, nenda kituo cha afya ukamwambie tabibu: "Nilikuwa porini." Maneno hayo mawili yatamfanya aagize damu itazamwe kwa darubini, maana kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi malale. Dawa ipo, na tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza pia vidonge vya fexinidazole.

Nne, nyama. Piga bismillahi unapofyatua, na ukimkuta mnyama angali hai, mchinje. Uliyemkuta amejifia mwenyewe ni mzoga: sheria yetu imemkataza, na utabibu unasema huenda amekufa kwa kimeta. Usimguse wala usimchune. Hata mnyama uliyempiga mwenyewe, vaa glavu unapomchuna, na nyama ipikwe mpaka iive kabisa.

Mwindaji hodari ni yule anayerudi nyumbani salama. Wabillahi tawfiq.