Ukungu wa Ghalani na Mapafu ya Mtu Mwenye Afya



Katika kukagua daftari la mahudhurio la chama kimoja cha msingi, niliona kwamba mtunza ghala, kijana mwenye nguvu zake, aliomba ruhusa ya ugonjwa kila mara baada ya siku ya kugeuza magunia ya mahindi yaliyonyeshewa. Kamati ilidhani ni uvivu. Zahanati ilimpa dawa ya malaria, ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea. Hatimaye daktari wa hospitali alimwuliza: unafanya kazi gani?

Ugonjwa huo una historia. Mwaka 1932 daktari Campbell wa Uingereza aliueleza kwa wakulima walioshika majani makavu ya mifugo yaliyoota ukungu, nao ukaitwa "pafu la mkulima". Nafaka iliyowekwa ghalani ikiwa mbichi nayo hupata joto, ikaota ukungu, yaani kuvu, pamoja na bakteria. Ikitikiswa hutoa vumbi laini mno, lifikalo ndani kabisa ya mapafu.

Yafaa ifahamike kwamba kinachoumiza hapo ni kinga ya mwili yenyewe. Kwa baadhi ya watu, kinga iliyokwisha kukutana na vumbi hilo mara nyingi hulishambulia kwa ukali hata mapafu yakavimba. Kwa hiyo afya njema si ngao. Saa 4 hadi 8 baada ya kazi, mtu hupatwa na homa, kutetemeka, kikohozi na kubanwa pumzi. Akikaa mbali na ghala hupata nafuu upesi, na hapo ndipo anapodanganyika. Kwani akirudia mara kwa mara mapafu huweza kuota makovu yasiyopona.

Hatuna budi kuzingatia haya:

1. Mahindi yasipokelewe kabla ya kukauka. Unyevu usizidi asilimia 13.5.

2. Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na paa linalovuja lizibwe mapema.

3. Ageuzaye magunia yenye ukungu afungue milango na avae barakoa maalumu ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa puani hakitoshi.

4. Aliyekwisha kuugua ahamishiwe kazi nyingine, na daktari aelezwe kazi aliyokuwa akiifanya.

Kijana yule alihamishiwa kwenye mizani, nje ya ghala. Katika ukaguzi uliofuata, jina lake halikuwamo tena miongoni mwa wagonjwa.